"Bado najipanga": njia za kuondoa kusitasita, ipi inakufaa wewe?

Watu watatu hapa Lamu wanaweza kukwambia "bado najipanga" na kila mmoja akawa na lake linalomshika. Tuseme wa kwanza ni kijana aliyemaliza fomu foo, mwaka mzima yuko nyumbani hajui aende Bandari Maritime Academy pale Mombasa akasomee mambo ya bahari ama achukue kozi ya umeme wa sola arudi afunge taa na pampu Mokowe na Hindi, zote anazitaka na zote anaona zitamtoa. Wa pili ni mvuvi wa Kizingitini, pesa zake za mchezo, kile chama cha kuchangiana kwa zamu, kaziweka vizuri, anataka mashine ya boti, anajua kabisa anachotaka lakini kila akifikiria laki zile ziende na maji usingizi hauji. Wa tatu ni dada wa Langoni, anapika mahamri na keki ambazo mtaa mzima unazisifu, mtaji anao, wateja wanamuuliza utauza lini, na hauzi. Kisa? Watu watasema nini.

Sasa ukiwapa wote watatu dawa moja, ile ya "wee anza tu usiogope", mmoja itamfaa, mmoja itamtia hasarani na mmoja itaingia sikio hili itoke lile. Ndio maana nimeona nizilinganishe njia ambazo watu wanazitumia kweli, moja kando ya nyingine, tuone kila njia inaondoa woga upi, inakula pesa na muda kiasi gani na inaharibikia wapi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mambo mengi ya kwetu naona kujaribu kidogo kunazishinda njia zote, lakini kuna mambo hayajaribiki kidogo, na ukiyalazimisha utaumia.

Kabla ya yote, unaogopa nini hasa?

Jiulize hivi. Lau mtu angekuja leo akakwambia hasara yote ikitokea nalipa mimi, ungeanza kesho? Ukijibu naam, woga wako ni wa pesa. Ukiona hata hapo huanzi, jiulize tena, lau ungekuwa mji wa mbali usikojulikana na mtu, tuseme Kisumu, ungeanza? Ukijibu ndio, unaogopa macho ya watu. Na ikiwa hata huko Kisumu na pesa ya mtu mwingine bado hujui uanze lipi, basi hapo hakuna woga, umekosa habari tu ama umekosa pa kukatia shauri. Maswali haya mawili yanachukua dakika moja na nakuomba uyajibu kweli kabla hujaendelea kusoma, manake chini huku kote narudi hapo.

Woga wa pesa usiuonee haya. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kunamuuma mtu kuliko kupata kunavyomfurahisha, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha uchungu wa hasara ni kama mara mbili ya raha ya faida ya kiasi kilekile. Kwahivyo mvuvi wetu akiambiwa nafasi ni nusu kwa nusu, kupata laki ama kupoteza laki, moyo wake hauioni nusu hiyo, unaona ile laki inayoondoka. Binadamu wote tuko hivyo, wa Kizingitini na wa Ulaya. Faida ya kulijua hili ni kwamba ukisikia moyo unakataa unaweza kujiuliza, nakataa kwa sababu hesabu ni mbaya ama kwa sababu hasara inapiga kelele zaidi?

Woga wa macho nao una utafiti wake. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha kitu walichofanya na wanafunzi wa chuo kikuu Marekani: mwanafunzi anavalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji, fulana anayoiona ya aibu, anaingizwa chumbani walipo wenzake, akitoka anaulizwa unadhani wangapi wameiona. Wakikisia, kama nusu. Walioiona kweli, kama robo. Lamu lakini si chuo kikuu cha Marekani, sitaki kukudanganya. Vichochoro vya Mkomani ukikutana na punda aliyebeba mawe mmoja lazima ajibane ukutani, na ukipita na ndoo ya mahamri asubuhi mpaka ufike Mkunguni washakuuliza nusu ya mji kuna nini leo. Hapa watu wanaona. Ila kuona na kukaa nalo moyoni ni mambo mawili, wiki ijayo kuna harusi, kuna boti limekwama kwenye mkondo wa Mkanda, kuna habari ya kaunti, na biashara yako iliyofungwa haina mtu wa kuizungumza tena isipokuwa wewe mwenyewe usiku.

Kuuliza watu

Hii ndio njia ya kwetu hasa, na ni bure. Baraza baada ya Isha, mjomba, maalim, rafiki aliyeko Mombasa, kila mtu ana la kusema. Nzuri sana kwa aliyekosa habari. Kwa mwenye woga wa macho naiona mbaya kuliko zote, manake unawaendea walewale unaowaogopa uwape kazi ya kukutisha, na watakutisha, tena kwa mapenzi.

Na hata kwa kijana wetu wa kozi ina mpaka wake. Kila anayemuuliza anamuongezea kozi nyingine, huyu anasema uhasibu, yule anasema upishi wa hotelini, wa tatu anasema nenda Qatar. Watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper mwaka 2000 waliripoti jaribio la dukani: meza ikiwa na jemu aina 24 watu wengi walisimama kuangalia lakini walionunua ni kama asilimia 3, ikiwa na aina 6 wakanunua kama asilimia 30. Utafiti huu umejadiliwa sana tangu hapo na haitokei hivyo kila mahali, lakini kwa mtu ambaye tayari anasitasita naona unasema kweli, ukifika chaguo la kumi hutaki tena hata moja.

Njia ya kuiokoa ni hii: uliza hesabu, usiulize maoni. Usimuulize mtu "unaonaje ninunue mashine?" Muulize mwenye mashine, safari moja inakula petroli lita ngapi, kusi iliyopita alilala siku ngapi bila kutoka, ikiharibika analipa nani, na fungu la chombo linabaki shilingi ngapi baada ya mabaharia kuchukua yao. Hayo hayana utamu wa kuzungumza lakini yanakupa kitu mkononi. Na mtafute yule aliyefanya akaacha. Huyu ndiye anayejua pahali penyewe panapovunjika na ndiye tusiyemuuliza kabisa, tunamuonea haya ama tunamuogopa kama ana mkosi. Wallahi nusu saa na mtu aliyefunga duka ni bora kuliko wiki nzima na watu ambao hawajawahi kuuza hata pipi.

Karatasi

Watu wengi wakisema wameandika wana maana ya ile mistari miwili, faida huku hasara kule. Mimi siipendi sana. Kwanza mtu anaandika mpaka upande anaoutaka ushinde. Pili haina mwisho, kila siku unaongeza mstari, na karatasi yenyewe inakuwa pahali pa kujificha, unaonekana unafanya kazi kumbe unazunguka. Wazee walishasema mchagua nazi hupata koroma. Mtaalamu wa uchumi Herbert Simon naye katika miaka ya 1950 alieleza kwamba binadamu hana akili wala muda wa kupima kila kitu duniani mpaka apate kilicho bora kupita vyote, anachoweza ni kuweka kiwango, na cha kwanza kinachofika kiwango hicho akichukue. Kwa kijana wetu hii ni dawa tosha: andika mambo matatu ambayo kozi lazima iwe nayo, tuseme ada ambayo nyumbani wanaweza kulipa bila kuuza kitu, kazi ambayo ashamuona mtu wa huku anaifanya, na muda usiopita miaka miwili. Inayofika kwanza, hiyo. Iliyobaki isahau, hata kama ilikuwa nzuri.

Kuna karatasi ya pili ambayo naipenda zaidi, na hii ni ya mwenye woga wa pesa. Mwanasaikolojia Gary Klein aliieleza mwaka 2007. Badala ya kuuliza "itafeli?" unasema mwaka umepita na imeshafeli, imekufa kabisa, sasa niandikie kwa nini. Ajabu ni kwamba mtu aliyekuwa na woga mkubwa usio na jina anaanza kuandika vitu vyenye majina. Mashine iliibiwa gatini. Fundi alikuwa mbali. Petroli ilipanda. Kijana niliyemuachia boti hakuisafisha. Nilinunua mwezi wa 4 na kusi ikanikuta. Ukiangalia orodha hiyo nusu yake inazuilika kwa mnyororo, kwa kununua mwezi mwingine, kwa kujifunza kusafisha plagi mwenyewe. Nusu iliyobaki ndio hatari yenyewe, na hiyo sasa unaweza kuipima, unajua ni kubwa kiasi gani, haikutishi tena usiku bila sura.

Ukilinganisha hizi karatasi mbili, ya faida na hasara inakuuliza ufanye ama usifanye, ya Klein inakuonyesha ufanyeje. Chukua ya pili.

Kujaribu kidogo

Hapa ndipo nataka nikae.

Nahodha anayekwenda Pate kupitia Mkanda maji yakiwa yanatoka hasimami Mokowe kubishana maji ni mangapi, anatumbukiza upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akipata chini anajua. Jaribio dogo ni hivyo, unatumia kitu kidogo unachoweza kukipoteza ili ujue jambo ambalo kufikiri peke yake hakuwezi kukwambia. Dada yetu wa Langoni anaweza kukaa miaka akiwaza watu watanunua ama hawatanunua, jibu halimo kichwani mwake, limo mfukoni mwa watu. Pakiti ya unga ya kilo 2, nazi, sukari, iliki, hamira na mafuta, asubuhi moja, na jibu la kwanza limekuja.

Lakini wengi wanajaribu vibaya halafu wanasema walijaribu. Kuna mambo ya kuangalia.

La kwanza, jaribio lazima liwe na swali. "Nione tu itakuwaje" halitoshi, manake ikiwa hivi utasema labda na ikiwa vile utasema labda. Swali zuri la dada yetu: wangapi watarudi kununua wiki ya pili bila mimi kuwaambia? Siku ya kwanza shangazi zako wote watanunua kwa mapenzi, hao usiwahesabu. Mtu asiye wa ukoo aliyerudi mara ya tatu, huyo ndiye biashara.

La pili, na hili kwetu ndilo linalowaangusha wengi, msimu. Lamu na Malindi zote zinaishi kwa msimu na jaribio lako litakudanganya usipolijua hilo. Ukijaribu kuuza juisi wiki ya Maulidi ama siku za tamasha la utamaduni utauza kama maji, ukaenda ukakodi duka la mwaka mzima, halafu mwezi wa 5 hakuna wageni, mvua inanyesha, na kodi iko palepale. Mwenzako akajaribu mwezi huohuo wa 5, hakuna mtu, akasema biashara hii haifai akaacha kitu ambacho mwezi wa 12 kingemtoa. Wote wawili wamejaribu na wote wawili wamekosea jibu. Wale wa Malindi wanalijua zaidi hili, hoteli zikipungua wageni baada ya Pasaka ufuo mzima unabadilika. Kwahivyo jaribio la msimu mzuri usiliamini lote, na la msimu mbaya usilihukumu peke yake. Mvuvi naye hivyohivyo, hesabu ya kaskazi bahari ikiwa shwari si hesabu ya kusi. Kama huwezi kungoja misimu yote miwili, jaribu mmoja mwenyewe na wa pili chukua hesabu kwa mtu aliyeuona, hapo ndipo ile njia ya kuuliza inarudi kwa faida.

Kwa wanaotaka kujaribu chakula, Ramadhani naiona ndio jaribio bora kuliko mwezi wowote, jioni kila nyumba inataka futari, mtu aliyechoka ananunua, na hakuna anayeuliza "kwani fulani siku hizi anauza?" manake mwezi ule nusu ya mji inauza. Kwa mwenye woga wa macho hii ni nafasi ya dhahabu, unaanza ukiwa ndani ya umati. Kumbuka tu kwamba baada ya Idd wateja watapungua, hiyo haina maana umefeli.

La tatu, pesa ya jaribio isiwe ya mkopo wa haraka. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi uliwekwa kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na kulipa ndani ya siku 14. Riba yenyewe ni ndogo. Zile siku 14 ndizo za kuangalia. Mahamri yanaweza kurudisha pesa kabla ya siku 14. Jaribio la uvuvi haliwezi, upepo ukigeuka wiki moja umeshachelewa. Na jambo kubwa zaidi, pesa ya deni inakuharibia jibu, manake unaacha kuangalia kama kitu kinafanya kazi unaanza kuangalia tarehe. Jaribu kwa pesa yako hata kama ni elfu moja.

Sasa mvuvi atajaribu vipi mashine bila kununua mashine? Akodi. Ama aingie kwenye boti la mtu lenye mashine kama hiyohiyo akafanye kazi mwezi mmoja wa baharia, na kila jioni aandike lita, kilo, bei ya tajiri wa samaki, barafu, na fungu lake. Mwisho wa mwezi anajua vitu ambavyo muuzaji wa mashine hatamwambia. Kuna watu watamwona kashuka, ana pesa ya kununua na anafanya kazi kwenye boti la mwenzake. Awaache.

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba inashughulika na woga wenyewe. Woga unalishwa kwa kukwepa, kila ukikwepa unapata nafuu kidogo siku hiyo, na nafuu hiyo inakufundisha ukwepe tena kesho. Wataalamu wa kutibu hofu wanatumia jambo hilohilo kinyume, mtu anakaribishwa kwa kile anachokiogopa kidogo kidogo mpaka mwili uone kwamba hakikumuua. Karatasi haiwezi kufanya hivyo wala baraza haiwezi.

Na yasiyojaribika? Yapo na lazima niyaseme kwa uzito wake. Huwezi kuuza kidogo nyumba ya urithi iliyoko Mji wa Kale. Mji huu UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba zake haziongezeki, ukishaiuza wewe na ndugu zako hamuirudishi, na hata pesa iwe tamu vipi hilo ni jambo la kwenda polepole. Kuacha kazi ya kudumu, kuuza kiwanja, kuoa, kuacha mke, haya yote mlango wake unafungika nyuma yako. Hapa kusitasita si maradhi. Hapa tumia karatasi ya Klein, uliza hesabu, swali istikhara (sala ya kumuomba Mungu akuongoze katika uamuzi), na weka siku ya kuamua ya mbali kidogo. Shida ya watu wengi ni kwamba wanalipatia jambo la mahamri uzito wa kuuza nyumba, na nimeona kinyume chake pia, kiwanja cha familia kimeuzwa kwa mazungumzo ya jioni moja.

Kujifunga

Hii ni ya mtu ambaye anajua, ashajaribu, na bado hafanyi. Kuna kujifunga kwa tarehe, kwa shahidi na kwa "ikiwa".

Tarehe peke yake ni dhaifu, kila mtu ana tarehe zilizompita. Shahidi ni nguvu zaidi lakini chagua mmoja, asiye na maneno mengi, na mpe ruhusa akuulize. Kuweka stetasi watu wote waone kwamba wiki ijayo nafungua naiona hatari kwa mwenye woga wa macho, umejiongezea macho kabla hujawa na kitu cha kuonyesha. Wale wa kwenye mchezo wa akina mama wana mashahidi tayari, mmoja anatosha.

Ya "ikiwa" ndio iliyo na ushahidi mzuri. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayesema "nitafanya" anashindwa na mtu anayesema "ikifika hivi, nafanya hivi". Kwahivyo usiseme nitaanza kuuza wiki ijayo. Sema Jumamosi nikishaswali Alfajiri nakanda unga, saa moja kasoro nimekaa pale mlangoni kwa bibi. Unaufunga uamuzi kwenye kitu ambacho kitakuja tu, na Alfajiri haijawahi kukosa kuja. Haigharimu senti moja na ni njia ninayoipa alama za juu baada ya kujaribu kidogo.

Istikhara

Siwezi kuandika habari ya kuamua katika mji huu nikaiacha. Sahaba Jabir amepokea, na imo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, kwamba Mtume rehma na amani zimshukie alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qurani. Rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua yake. Ninalotaka kusema ni kuhusu wanaoitumia kusubiri ndoto. Dua yenyewe haikutaja ndoto, inaomba kama jambo lina heri uniwezeshe na uniwepesishie, na kama lina shari uniepushe nalo. Ili upate wepesi ama uzito lazima uwe unatembea kulielekea jambo. Na aya ya 159 katika Al Imran imeweka mpango: shauriana nao, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Kuna ushauri, kuna azma, kisha tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Mtu anayeruka azma akakaa tu akisema namtegemea Mungu ameruka kilichoamrishwa.

Kwahivyo ukilinganisha, istikhara haishindani na njia nyingine, inakwenda pamoja nazo zote. Swali istikhara, kisha Jumamosi kanda unga. Kwa wasio Waislamu wa Malindi ama Mpeketoni nadhani sala zenu nazo ziko hivyohivyo, lakini hilo mtajisemea wenyewe.

Kurusha sarafu

Nataja kwa ufupi. Mwanauchumi Steven Levitt wa Chicago alifungua tovuti, watu waliokwama kwenye uamuzi wakaingia, sarafu ikarushwa kwa kompyuta iwaambie badilika ama baki. Utafiti ulichapishwa 2021, watu zaidi ya 20,000 walishiriki, na miezi sita baadaye waliobadilika kwa mambo makubwa kama kuacha kazi walisema wana furaha zaidi kuliko waliobaki. Wengi kwetu hawataikubali sarafu na wana haki, kupiga bao na kuagua kumekatazwa na mtu hataki kufanana nako. Iache sarafu. Matokeo yake yachukue: mtu akifika pahali ambapo kweli mizani imelingana, kwa kawaida anaipa hali ya sasa uzito kuliko inavyostahili. Ukiona zimelingana, egemea upande wa kufanya.

Na kusubiri je?

Kusubiri nako ni chaguo, kuna bei yake, ila haiandikwi pahali popote. Kwetu kusubiri kuna sura maalum, tunasubiri kitu kikubwa cha serikali. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi Mei 2021, na mpaka leo utasikia mtu akisema bandari ikichangamka ntafungua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari hiyo, haki yao kabisa, na baada ya hukumu miaka ikapita kwenye mazungumzo. Fidia idai mpaka mwisho. Lakini mpango wako usiufunge kwenye tarehe ambayo huna mkono nayo. Subira nzuri ina kitu unachokifanya ndani yake na siku inayoishia, kama mvuvi anayengoja kusi ipungue huku anashona nyavu.

Gilovich na Victoria Medvec waliandika mwaka 1995 kwamba ukiwauliza watu majuto ya karibuni wanataja walichofanya kikaharibika, ukiwauliza ya maisha yote wengi wanataja wasichofanya. Hilo liweke kwenye karatasi yako upande wa kusubiri, manake upande huo mara nyingi tunauacha mtupu tukadhani ni bure.

Sasa wale watatu

Kijana wa kozi: kiwango cha mambo matatu, azungumze na mtu mmoja anayefanya kila kazi, na siku moja ya kwenda kubeba vifaa na fundi wa sola Hindi, na siku nyingine apande boti na nahodha. Asipewe zaidi ya wiki mbili. Asiongezewe kozi nyingine na mtu yeyote, na wazazi nawaomba sana katika hili.

Mvuvi: karatasi ya "imeshafeli", mwezi wa baharia, na kabla ya kununua aandike kiasi ambacho kikifika anaacha. Tuseme anasema nikitia petroli miezi mitatu ya kaskazi na fungu la chombo halijalipa hata petroli, mashine naiuza ikiwa bado ina bei. Kuandika mapema kunamsaidia kwa sababu akiwa ndani ya hasara hataweza kufikiri sawasawa, atataka kuikomboa. Awe na mtu mmoja anayeijua karatasi hiyo.

Dada yetu asipewe hesabu yoyote, anazo. Asiulize watu. Jumamosi, Alfajiri, unga kilo 2, mlangoni kwa bibi na si barabara kuu, rafiki mmoja akae naye saa ya kwanza. Wiki ya pili tena, ya tatu tena, halafu ndio ahesabu walorudi. Na ikiwa mtu anasoma hii na woga wake hauko kwenye biashara tu, uko kwenye kila kitu, moyo unakwenda mbio, usingizi umepotea wiki baada ya wiki, kutoka nyumbani kumekuwa kazi, huyo asianze na mahamri. Aende hospitali azungumze na daktari, kunatibika, na mambo ya biashara yatamngoja.